Bega Lipi

Bega lipi? La kulia au la kushoto? Swali hilo liliniweka macho siku nyingi, kwanza nikiwa nimelazwa hospitalini Mahajanga, kisha nikiwa nyumbani kwa mama mkubwa, mtaa wa Ampisikina, na tumboni nina vidonda viwili vya kisu ambavyo kwa haki ndivyo vingepaswa kuninyima usingizi.

Bega lenyewe halikuwa langu. Lilikuwa la mama mmoja wa kisiwa kidogo cha Nosy Komba, mtarizi wa vitambaa vya meza, wa rika la mama yangu. Alikuja kwenye hospitali ya Nosy Be nilikopangiwa kazi mara tu baada ya kupata shahada, mwanzoni mwa miaka ya themanini. Ilikuwa siku mbili kabla sijaenda Mahajanga kwa likizo ya Idi. Aliletwa na kaka yake, fundi seremala, ambaye aliingia naye chumbani, akakohoa kidogo, akajiandaa kueleza. Kwetu ndivyo ilivyo. Mgonjwa hasemi ugonjwa wake. Husemewa na mkubwa wake. Lakini chuoni tulifundishwa kumsikiliza mgonjwa mwenyewe, faraghani, nami niliyashika mafunzo kuliko hata walionifundisha. Nikamwomba kaka mtu asubiri nje.

"Unaumwa nini, mama?"

"Homa kidogo, mwanangu."

"Na tumbo?"

"Kidogo."

"Hapa?" Nilibonyeza juujuu tu, maana alikuwa ameng'ang'ania leso yake kwa mikono miwili na macho kayaelekeza ukutani.

"Kidogo."

Tulizungumza Kimalagasi, kama karibu mazungumzo yote nitakayoyaeleza hapa. Kiswahili kwetu kilikuwa cha bibi yangu na karatasi zake za dini, na yeye ndiye aliyenifunza kukiandika. Lakini kwa lugha yoyote ile, kila kitu cha yule mama kilikuwa kidogo. Nikaandika malaria, nikampa klorokwini.

Walipokuwa wanaondoka, kaka yake alisimama mlangoni. "Daktari, na bega je? Hawezi hata kulilalia." Akajigusa bega kunionyesha.

Nilikuwa nimeshamwita mgonjwa mwingine. "Mjomba," nikamjibu, "mtu anayeinamia sindano mchana kutwa, bega litaacha kuuma?"

Wakacheka kwa adabu, wakaenda zao. Nikajiona nimesema jambo la busara.

Maumivu yangu mimi yalianza asubuhi ya Idi, kuzunguka kitovu. Sikuyaamini. Mtu lazima anijue ili aelewe: chuoni niliugua kila ugonjwa kwa mpangilio wa kitabu. Tulipofika kwenye moyo, moyo wangu uliruka mapigo. Tulipofika kwenye ukoma, nilijichoma vidole kwa pini kupima ganzi. Wenzangu walizoea kuniuliza asubuhi, "Leo unakufa ukurasa wa ngapi?" Kwa hiyo safari hii niliamua kuwa mtu mzima. Siku ya pili maumivu yalihamia chini, upande wa kulia, kama yanavyotakiwa kuhama. Nilijilaza mkekani nikajibonyeza tumbo, nikajiambia kwamba mkono unaobonyeza na tumbo linalobonyezwa vikiwa vya mtu mmoja, ushahidi haufai.

Siku ya tatu, adhuhuri, maumivu yakakatika ghafla. Mgonjwa wangu angeniambia hivyo ningekimbia kumtafuta mpasuaji, kwa sababu kidole tumbo kikipasuka hutokea utulivu wa muda kama huo. Mimi nilifurahi. Nilikula sahani nzima ya wali.

Kufikia alasiri tumbo lilikuwa gumu kama ubao. Mama mkubwa hakuniuliza. Alimsimamisha mvuta puspus, kile kigari cha magurudumu mawili kinachokokotwa na mtu, akanipakia.

"Tunampeleka kwa daktari gani?" akauliza mvutaji.

"Daktari ni huyu."

Mvutaji akanitazama nilivyojikunja. "Basi tumekwisha wote," akasema, akaanza kukimbia.

Nilipasuliwa jioni ileile na mwalimu wangu wa zamani. Siku tano baadaye homa ikanipanda. Nikapata kwikwi isiyokatika, na bega la kulia likaanza kuuma. Mwalimu akaja katika mzunguko wake wa asubuhi, nyuma yake wanafunzi sita. Wawili kati yao niliwahi kuwaazima madaftari. Mimi nilikuwa nimevaa kikoi tu, na mpira wa kutolea usaha umetokeza ubavuni.

"Vipi, daktari?"

"Vizuri."

"Maumivu?"

"Kidogo."

Neno lilitoka lenyewe. Kama ningeweza kulishika likiwa bado hewani ningelishika, maana nililijua. Lakini ningefanyaje? Wangesema ni yuleyule, sasa amefika ukurasa mwingine.

"Mwongo," akasema mama mkubwa. Alikuwa ameketi miguuni pangu na bakuli la uji, na hakuna aliyekuwa amemtoa nje. "Kwikwi tangu alfajiri. Na bega la kulia hataki hata shuka iliguse."

"Ni godoro," nikasema. "Nimelala vibaya."

"Wewe nyamaza," akasema mwalimu. "Mama, endelea."

Mama mkubwa akaendelea. Alisema nilichokula, nilichotapika, na upande niliolalia. Alisema nilivyokunja uso kila nilipovuta pumzi nikidhani amelala. Mwalimu alimsikiliza hadi mwisho, kisha akaweka kidole kimoja tu katikati ya mbavu zangu za chini na kubonyeza. Nilipiga kelele wakageuka hadi wagonjwa wa chumba cha pili.

"Usaha umekusanyika juu ya ini, chini ya msuli wa kupumulia," akawaambia wanafunzi. "Mshipa wa fahamu wa msuli ule unatokea shingoni, kwa hiyo maumivu yanapelekwa begani. Bega lenyewe halina kosa lolote." Akanigeukia. "Swali hili nililitoa kwenye mtihani wako. Ulipata ngapi?"

"Kumi na sita juu ya ishirini."

"Naziondoa zote."

Nikapasuliwa mara ya pili. Siku homa iliposhuka na akili ikakaa sawa, kitu cha kwanza kilichonijia ni yule seremala mlangoni, na mkono wake begani.

Ikiwa lilikuwa bega la kulia, basi dada yake hakuwa na malaria. Alikuwa na jipu kwenye ini, ugonjwa tunaouona kila mwaka pwani ile, na klorokwini yangu haikumfaa kitu. Jipu la ini huchukua majuma. Halafu siku moja hupasuka. Ikiwa lilikuwa la kushoto, huenda kweli ilikuwa ni sindano na kitambaa. Nilijaribu kuiona picha. Alisimama akinielekea. Mkono aliouinua ulikuwa upande wa dirisha. Lakini dirisha liko kulia kwangu, kwa hiyo kushoto kwake. Tena alikuwa amegeuka nusu kuondoka, na huenda mkono huo uligusa bega la upande wa pili, kama watu wafanyavyo.

Nyumbani Ampisikina nilimsimamisha mama mkubwa mlangoni.

"Jiguse bega."

"Lipi?"

"Hilo ndilo ninalokuuliza."

Badala yake akanigusa paji la uso kuona kama homa imerudi.

Niliandika barua tatu kwa muuguzi mkuu wa Nosy Be, nikazichana zote tatu. Ya kwanza ilikiri mno. Ya pili haikukiri kitu, ilikuwa kama inauliza habari za hali ya hewa. Ya tatu ilifanya yote mawili. Niliogopa kwamba nimekosea na watu watajua. Niliogopa vilevile kwamba sikukosea, na watu watacheka: amepata jipu, sasa anaona majipu kisiwa kizima. Asubuhi hofu ya kwanza ilikuwa na haki, mchana ya pili. Na kila siku niliyopima hofu hizo, ilikuwa siku nyingine ya yule mama na klorokwini yake.

Mwishowe nilimweleza mama mkubwa yote, pamoja na dirisha. Alikuwa anachambua mchele.

"Huyo mama bado ana kaka yake?"

"Anaye."

"Naye anajua ni bega lipi?"

"Anajua."

"Basi mimi unaniulizia nini, mwanangu?"

Akarudi kwenye mchele wake. Mimi nilibaki nimesimama pale kama mtu aliyetafuta miwani nyumba nzima akiwa ameivaa.

Mwalimu alikuwa amenikataza kusafiri kwa majuma mawili zaidi. Lakini barua ya nne ingepanda meli ileile ya mizigo iliyokuwa inaondoka kesho yake kwenda Nosy Be, na mimi, tofauti na barua, nisingeweza kujichana; nikaamua kwenda mwenyewe. Mama mkubwa hakubishana. Alinifunga tumbo kwa leso, akaikaza kama wafungwavyo wanawake waliotoka kujifungua. Jirani akachungulia uani.

"Hongera! Mtoto gani?"

"Wa kiume," akajibu mama mkubwa. "Mbishi."

Kutoka Nosy Be nilivuka kwa boti hadi Nosy Komba, nikiwa nimeshika tumbo kila wimbi lilipopiga. Nilimkuta yule mama ameketi mkekani, mgongo ukutani. Alikuwa amekonda. Kitambaa kilikuwa pembeni yake, ua moja limetariziwa nusu, sindano imechomekwa ikaachwa. Kaka yake alitoka nyuma ya nyumba na vumbi la mbao mikononi.

"Mama, hali yako?"

"Afadhali, mwanangu. Homa kid..."

"Samahani, mama." Nikamgeukia kaka yake. "Mjomba, siku ile nilikukata kauli. Bega lipi?"

Alinitazama kama mtu anayetafuta mtego uko wapi. Kisha akainua mkono wa kushoto, akaupitisha kifuani, akajishika bega la kulia.

Niliomba ruhusa, kwake na kwa dada yake, nikaweka kidole kimoja katikati ya mbavu. Mama alikikamata kile kitambaa akakikunja chote ndani ya ngumi, na sindano yake.

"Nilikosea," nikasema. "Si malaria. Twende hospitali leo hii, boti inasubiri."

Yule seremala alinawa mikono taratibu. "Na mimi nikifika nitasubiri nje?"

Tulivuka, mimi na mama tumeegemezwa kila mmoja kwenye ubavu wake wa boti, mpiga kasia akiuliza kati yetu nani ndiye mgonjwa. Hospitalini wauguzi walimlaza mama kitandani chumbani mwangu mwa kazi. Kaka yake alifika hadi kizingitini akasimama, kofia mkononi, kama tulivyomzoesha.

Nilishika kiti changu, maana kingine hakikuwepo, nikakiburuta hadi kando ya kitanda, tumbo likinivuta kila hatua. Nikamwambia kaka mtu aketi, aanze tangu mwanzo. Mimi niliandika nikiwa nimesimama.