Chembe za Chuma Kwenye Oili

Kijijini kwetu Murungu walisema mtoto wa wakulima wa mihogo hatagusa injini ya ndege mpaka azikwe. Lakini nilirudi Kibondo na diploma, fundi kamili wa ndege ndogo.

Asubuhi moja nilipitisha sumaku kwenye oili ya ndege iliyokuwa tayari kuondoka, ikatoka imejaa chembe za chuma. Injini ilikuwa inajisaga yenyewe. Nikamwambia rubani haruki.

“We mshamba! Abiria watano wananingoja!”

Akanipiga ngumi, jino likang’oka. Nikamkaba koo mpaka akaachia funguo za ndege. Abiria wakapanda basi la Kasulu huku wakinitukana.

Tulipoifungua injini, beringi inayoshikilia mhimili wake ilisambaratika mikononi mwangu. Rubani akakimbilia majanini kutapika. Watu sita wako hai kwa sababu yangu, na sioni aibu kulisema.