Sura Yangu Kwenye Tisheti za Matanga

Ipo siku moja naikumbuka kuliko zote, mwanangu: siku niliyokutana na sura yangu njiani, imevaliwa na mtoto nisiyemjua.

Nilikuwa natoka Masara, kwenye mashimo ya dhahabu, ambako nilichimba tangu nimalize shule. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Simu za mkononi hazikuwa zimefika kwetu, na habari ilisafiri kwa mdomo wa mtu. Mfanyabiashara mmoja wa omena, wale dagaa wa ziwani, alinikuta kazini akaniambia kwamba pacha wangu, Opiyo, amezama karibu na kisiwa cha Remba alikokuwa akivua, na mwili wake tayari uko mochari Homa Bay. Niliosha matope miguuni nikaondoka vile nilivyo. Kwetu ni upande wa Ndhiwa. Nilishuka barabarani nikaingia njia ya miguu inayopita kati ya miwa.

Mtoto alitokea mbele yangu amebeba mtungi wa maji. Alivaa tisheti nyeupe ya mtu mzima, inamfika magotini, na kifuani palikuwa na uso wangu. Chini ya uso iliandikwa: Lala salama. Mtoto alinitazama, akainamisha kichwa akatazama kifua chake, akanitazama tena. Akaweka mtungi chini polepole, kama mtu anayeogopa kuamsha kitu, kisha akakimbilia kwenye miwa. Hakulia. Nilisikia majani tu yakisuguana, halafu kimya.

Nikajiambia: huyo ni Opiyo, si wewe. Mimi na Opiyo tulifanana mpaka walimu wakachoka kubahatisha. Lakini tulikuwa wadogo ndoano ilipomkwaruza usoni ufuoni, ikamwachia kovu jembamba kama uzi, kutoka kwenye nyusi ya kushoto mpaka shavuni. Tangu siku hiyo watu walipumzika. Mwenye kovu ni Opiyo, asiye na kovu ni mimi, Odongo. Na ile sura kifuani kwa mtoto haikuwa na kovu.

Nilipofika nyumbani, boma lilikuwa limejaa tisheti hizo. Siku hizi unaona jambo hilo kila matanga, mwanangu, lakini wakati huo ndio kwanza lilikuwa linaingia kwetu, na watu walizivaa kwa fahari. Nilisimama langoni nikajiona nikiwa mkubwa, nikiwa mwembamba, nikiwa nimekunjamana kwenye tumbo la mzee mmoja aliyekaa kwenye kigoda. Mwanamke aliyekuwa akiosha sufuria aliacha maji yamwagike. Yule mzee akainuka, akanishika mkono, na badala ya kunisalimia akaendelea kuushika kwa muda mrefu. Nilielewa baadaye kwamba alikuwa anapima kama una joto.

Mama alitoka ndani ya nyumba. Akaja mpaka karibu, akanishika uso kwa viganja vyote viwili, na kidole gumba chake kikapita polepole juu ya shavu langu la kushoto, kana kwamba kinafuata kovu. Akatabasamu.

"Opiyo, nyathina," akasema. "Mwanangu, umerudi."

"Mama, ni mimi. Odongo."

"Odongo amekufa. Si unamwona?" Akaonyesha kifua cha yule mzee.

Baba mdogo Ouma, aliyesimamia mazishi kwa sababu baba yetu alishafariki, alinivuta pembeni. Aliniambia yeye ndiye aliyepeleka picha ya Opiyo Homa Bay ikachapishwe, na tisheti zilipofika bila lile kovu ndipo akili ya Mama ilipoteleza, akashikilia kwamba aliyekufa ni mimi. Mwili ulikaa majini siku nyingi kabla ya kupatikana. Yeye peke yake aliingia mochari kuutambua, akautambua kwa mshipi na kwa jino lililovunjika, na hakutaka mtu mwingine auone. Jeneza lingekuja limefungwa. Uso pekee ambao Mama alikuwa nao ni ule wa kwenye kitambaa.

"Ni huzuni tu," akasema. "Itapita."

Haikupita. Mama alinipa chakula kwenye sahani ya Opiyo. Aliniuliza kama nyavu nimeziacha salama. Alinikumbusha jinsi nilivyomnunulia leso ya bluu, na mimi sikuwahi kununua leso. Mara za kwanza nilikataa. Kila nilipokataa aliumia kana kwamba nimemuua mtu upya, kwa hiyo nikanyamaza. Halafu siku iliyofuata, nikiwa nimebeba kuni, aliita "Opiyo!" na mimi nikaitika. Niliitika kabla ya kufikiri. Sauti iliyotoka ilikuwa nzito kidogo kuliko yangu, ilikuwa yake. Nilisimama na zile kuni, nikitazama watu uani, na zile sura zangu zote zikinitazama kutoka vifuani mwao bila kupepesa.

Ndipo fundi seremala akanijia na msalaba wa mbao na kopo la rangi. Alikuwa mtu wa adabu. Alinong'ona, "Ndugu yangu, mama amenikataza kuandika Opiyo. Anasema niandike Odongo. Niandike nani?"

Mama alikuwa ameapa kwamba hakuna kaburi litakalochimbwa lenye jina la Opiyo, mtoto wake aliye hai. Nilitazama ule ubao mtupu, na nikaogopa kuliko nilivyowahi kuogopa chini ya ardhi Masara.

Kulipokucha nilienda Homa Bay. Sikwenda kwa amani, mwanangu, nakuambia ukweli. Duka ambako Baba mdogo alipeleka picha lilikuwa la mama mmoja mtu wa Mombasa, Bi Zuhura, aliyeuza nguo mjini kwa miaka mingi na aliyekuwa ameanza kazi ya kuchapisha tisheti. Nyuma ya duka palikuwa na kompyuta moja, na mbele yake msichana wa rika langu, Akinyi. Aliponiona mlangoni alitoa sauti ndogo na kiti chake kikarudi nyuma mpaka ukutani. Alikuwa ameshinda na uso huo kwenye kioo, na sasa ulikuwa umeingia kwa miguu.

"Nani amekuambia unizike?" nilifoka. Nikaunyanyua mkono. Nilitaka kukipasua kile kioo.

Bi Zuhura alikuja akajiweka kati yangu na meza, bila haraka. "Umekuja kupigana na kompyuta?" akaniuliza. "Haya, ipige. Ukishamaliza, utarudi kwa mamako na nini?"

Mkono ukashuka wenyewe.

"Msichana huyu hakuwahi kumwona nduguyo hata siku moja," akasema. "Wewe umekuwa naye tangu tumboni. Sasa niambie, ni nani anayefaa kukaa kwenye kiti hiki? Kaa. Na ukikaa, usimfokee mtu. Tazama."

Nikakaa. Akinyi alisimama nyuma yangu akanionyesha kilichotokea. Picha iliyoletwa ilikuwa ndogo, ile ya kupigwa studioni. Aliipitisha kwenye skana akaihifadhi kwa namna inayoitwa JPEG, kwa sababu karakana ya kuchapisha ilikuwa upande wa pili wa mji na picha ilipelekwa huko kwa disketi, kile kisahani cha kubebea faili, na disketi haina nafasi. Ilipokataa kuingia, aliibana. Akaikata pembeni, akaihifadhi tena. Akaongeza maandishi, akaihifadhi tena, akaibana zaidi. Kila hatua alikuwa ameipa jina lake, na zote bado zilikuwemo.

"JPEG hupunguza uzito wa picha kwa kutupa vitu," alisema. "Inatupa kile inachoona hakina maana. Na ukiifungua ukahifadhi tena, inatupa tena."

"Nani aliiambia kovu halina maana?"

"Hakuna aliyeiambia. Haijui kovu ni nini. Inajua tu kwamba hapo kuna mstari mwembamba."

Akazifungua moja baada ya nyingine. Kwenye ya kwanza alikuwepo ndugu yangu, amebana midomo vile alivyozoea mbele ya kamera, na uzi wake umeshuka usoni. Kwenye iliyofuata uzi ulikuwa umefifia. Kisha ukakatika vipande, ngozi ikaanza kuwa na vijisanduku kama sakafu. Kisha shavu likawa laini. Nilikaa pale nikamwona Opiyo akiondoka kidogo kidogo, na mtu mwingine akija kukaa mahali pake, na mtu huyo alikuwa mimi. Kioo cha kompyuta za zamani kilikuwa kinang'aa kama dirisha. Uso wangu mwenyewe ulionekana juu yake, umekaa sawasawa na ule wa picha, macho juu ya macho. Nilifunika mdomo kwa mkono. Ile sura ya kwenye picha haikufunika wa kwake, na hapo tu ndipo nilipojua yupi ni yupi.

"Tuanze tena," nilisema.

Picha halisi ilikuwa bado kwenye bahasha yake, ndani ya droo. Akinyi aliiskani upya, kubwa, na safari hii akaihifadhi kwa namna ya TIFF, ambayo ni nzito lakini haitupi kitu. Kompyuta ilichukua muda ikikoroma. Uso ulishuka kwenye kioo mstari kwa mstari: nywele, paji, nyusi. Ulipofika kwenye nyusi ya kushoto niliinama karibu na kioo. Kovu likatokea. Nilimwelekeza Akinyi pa kuongeza kivuli ili wino mweusi usilimeze, na nikamwomba asilinyooshe, maana halikuwa limenyooka.

Lakini faili lile halikuingia kwenye disketi yoyote. Akinyi aliketi akashika kichwa. "Lazima tuibane," akasema.

Bi Zuhura alisimama mlangoni akitafuna karafuu. "Kwani picha ndiyo lazima iende kwenye mashine? Chukueni mkokoteni."

Tukaibeba kompyuta yenyewe, mwanangu. Tuliilaza kwenye mkokoteni juu ya magunia, kioo kikiwa kimefunikwa kwa kanga ya Bi Zuhura, tukavuka nayo soko la Homa Bay mchana kweupe. Akinyi alibeba kibodi kifuani kama mtoto mchanga. Watu walitupisha na wengine wakavua kofia. Walivyoona, tulikuwa tunasindikiza maiti, na sidhani kama walikosea sana.

Karakanani tuliiunganisha moja kwa moja na printa ya fundi wa kuchapisha. Akatoa karatasi, akatengeneza fremu ya kitambaa chembamba, akavuta wino juu ya tisheti ya kwanza. Alipoiinua fremu, Opiyo alikuwa amelala pale mezani, mbichi, ananuka wino, na kovu lake lipo.

Nilifika nyumbani na mzigo jua likiwa limeanza kulegea. Niliitandika tisheti moja juu ya mapaja ya Mama. Kidole gumba chake kikaanza kutembea, kutoka kwenye nyusi, kikishuka, kikifuata pale uzi ulipopinda, mpaka shavuni. Kikarudi juu kikashuka tena. Kisha aliinua uso akanitazama, na nikaona jinsi anavyorudi kutoka mbali.

"Odongo," akasema. "Umekuja lini?"

"Nimefika sasa hivi, Mama."

Ndipo akalia. Alilia kilio ambacho boma zima lilikuwa linakingoja bila kujua. Seremala akafungua kopo lake la rangi nje na akaandika jina la ndugu yangu. Tulimzika Jumamosi, na Mama alitupa udongo kwa mkono wake.

Zile tisheti za kwanza Baba mdogo alizikusanya tukazichoma. Moja haikupatikana. Yule mtoto wa kwenye miwa sikumwona tena, si mazishini wala sokoni, na kila niliyemuuliza alisema hakuna mtoto wa namna hiyo kwetu. Labda alikuwa mgeni wa jirani. Nimeamua kuamini hivyo.

Masara sikurudi. Baada ya matanga nilienda kwa Bi Zuhura nikamwomba anifundishe, akaniweka chini ya Akinyi, na kwa Akinyi ndiko nilikojifunza kazi hii unayoniona nikiifanya hapa Migori.

Sasa umekuja kwangu, mwanangu, unataka kujua namna za picha. Nitakufundisha zote. Nitakufundisha JPEG ni ya kutuma na kuonyesha, si ya kufanyia kazi mara kwa mara. Nitakufundisha kuweka picha ya kwanza mahali pake, nzima, usiiguse, na kazi yako uifanye kwenye nakala. Nitakufundisha kwamba herufi na michoro ya mistari ina namna yake, na uso wa mtu una namna yake. Hayo utayashika kwa wiki chache. Lakini shika na hili: ukiletewa uso wa mtu usiyemjua, hujui kipi ndani yake ni uchafu na kipi ndiye yeye mwenyewe. Usikisie, na usiiachie mashine ikisie. Mwite anayempenda akae karibu nawe, atazame kabla wino haujagusa kitambaa. Akikuambia meno yake hayakuwa sawa, yaache vivyo hivyo. Na siku mtu atakapoingia dukani kwako akifoka, mwekee kiti. Huenda amekuja kutafuta jina lake.

Mungu akupe mkono mtulivu na macho yenye subira. Akulinde usimfute mtu, na wewe usifutwe. Nyuso zote zitakazopita mikononi mwako zitoke zikiwa ni za wenyewe, na mama zao wakiziona wazitambue. Nenda ukawashe mashine, tuanze.