Matuta Katika Shamba la Zuio

Fortunata wa Mshangano hakuwa mtu wa kuamini upesi. Hata padri akisema "Amani iwe nanyi", yeye hukaza mkono kwenye mkoba. Basi mahakama ilipomkataza shemeji yake, Kajetani, kuligusa shamba la marehemu mumewe mpaka kesi ya urithi iishe, hakupiga vigelegele. Enzi hizo za ruksa, biashara zilipofunguliwa, kila mtu aligeuka mfanyabiashara, na Kajetani alikwishapata mnunuzi wa shamba huko Mfaranyaki.

Akaenda Mjimwema kumwuguza dada yake. Kurudi, shamba lote limelimwa!

Akainama kukagua matuta. Lile lililopinda kama mkia wa mbwa lilikuwa la jirani yake Beda, hakuna mwingine. Lile lililonyooka, udongo umepigwapigwa juu, la Ursula, jirani mwingine. Kumbe mtaa mzima! Akamfuata Ursula.

"Dada, umemwona nani shambani kwangu?"

"Mwenzangu, macho yangu siku hizi hayaoni kitu."

"Hayaoni, lakini tuta umelinyoosha kama uzi."

"Kajetani alisema mmeshapatana. Akapika pombe ya komoni, akatuita tulime. Nani angekataa?"

"Ukaseme hivyo hivyo mahakamani. Namshtaki kwa kudharau amri."

"Nikifungwa je?"

"Aliyekatazwa ni yeye, si wewe."

Ursula akasema atafikiria. Fortunata alijua kufikiria kwa namna hiyo: kunapitia kwanza kwa Kajetani.

Siku ya shauri Kajetani alikuja na koti la mtumba, mabega yamemzidi. "Mheshimiwa, jembe sikulishika. Waulize wote hawa."

Majirani wakakagua kucha zao. Fortunata akaliona shamba likienda: huyu akitoka salama leo, kesho mnunuzi anapima.

Ndipo Ursula akasimama. "Kweli hakushika jembe, mheshimiwa. Alishika kata. Ndiye aliyetugawia pombe."

Hakimu, mgeni katika mkoa huo, akauliza pombe inahusu nini.

"Kwetu anayegawa pombe ya kulimia ndiye mwenye shamba. Mwingine hathubutu kuigusa ile kata."

"Ndivyo," Beda akaitikia, kabla hajakumbuka yuko upande wa nani.

Kajetani akapewa mwezi mmoja gerezani, na zuio likabaki palepale. Fortunata akamshukuru Ursula kwa mikono miwili. Kisha njia nzima ya kurudi akamtanguliza mbele, apate kumwona vizuri.