Machozi ya Kununua

Kalisti hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kushuku. Mkewe, Mama Januari, alikwisha kumzoea. Mumewe akirudi kazini huinua kwanza kifuniko cha sufuria ndipo aitikie salamu, na mgeni akiaga mapema humsindikiza kwa macho mpaka apotee, akijiuliza ana haraka ya nini. Tabia hiyo, ambayo kwa mwingine ingekuwa kero, kwake ndiyo iliyomletea unga nyumbani. Alikuwa mlinzi wa chumba cha kuchambulia almasi katika mgodi mdogo, si ule mkubwa wa Mwadui, bali mmojawapo wa ile iliyochipuka huku na huku mkoani Shinyanga miaka ya tisini.

Chumba chenyewe kilikuwa na meza ndefu iliyotandikwa kitambaa cheupe. Changarawe iliyokwisha kuoshwa ilimwagwa juu yake, na wachambuzi, kila mmoja na kibano chake, waliinama chini ya taa kali wakiitafuta punje inayong'aa. Sheria kubwa ilikuwa moja: mkono usipande usoni. Jiwe la ukubwa wa punje ya mchele huingia popote, mdomoni, puani, sikioni. Walinzi wa zamani walimsimulia Kalisti habari za mtu aliyeficha jiwe chini ya kope akatoka langoni akilia, eti kafiwa na mama yake. Hakuna aliyejua jina la mtu huyo wala mgodi aliofanyia hayo, lakini Kalisti alikiamini kisa hicho kama Mkristo anavyoamini Injili.

Basi mchambuzi mmoja, Sikujua, alipoanza kulia mezani, Kalisti alisimama wima.

Sikujua, ambaye wote walimwita Mama Mwamvua kwa jina la bintiye, alikuwa mjane kutoka upande wa Tabora, na miongoni mwa wachambuzi hakukuwa na mwenye jicho kali kumzidi. Kiangazi cha mwaka ule kilikuwa kibaya. Upepo ulipita mbugani ukachota vumbi na kulipenyeza mpaka chini ya milango. Macho yake yakaanza kuwa mekundu. Mara anayafumba kwa nguvu, mara machozi yanamtoka tu, pasipo msiba wala kitunguu. Siku moja mkono ukamponyoka, akajifuta kwa nyuma ya kiganja.

"Mikono mezani, Mama Mwamvua!"

"Samahani, afande. Yanawasha kama yametiwa mchanga."

Kalisti alilishika neno lile. Mchanga. Mchanga upi, na umetiwa na nani?

Wiki iliyofuata Sikujua alirudi kutoka Shinyanga mjini akiwa na kichupa cha plastiki, kidogo kama kidole cha mtoto. Kalisti alikikuta katika kikapu chake mlangoni.

"Nini hii?"

"Dawa ya macho. Daktari kaniandikia, cheti hiki hapa."

"Unaumwa nini?"

"Macho makavu."

Kalisti alimtazama. Wakati huohuo chozi lilikuwa likimshuka shavuni mpaka kidevuni.

"Makavu?"

"Ndivyo alivyosema."

"Mama Mwamvua, macho yanakutiririka kama bomba lililokatika koki, nawe waniambia makavu? Tena umepewa maji ya kuyaongeza?"

"Hata mimi nilimuuliza hivyohivyo," alijibu Sikujua, bila kupandisha sauti.

Jibu hilo lilimzidishia Kalisti wasiwasi. Mwongo wa kawaida hubisha na kuapa. Huyu alikubali kwamba habari yake haiingii akilini! Huo, Kalisti alijiambia, ni uongo wa mtu aliyefundishwa. Akatoa leso yake nyeupe, akakifungua kichupa, akaiminya dawa yote juu ya leso, tone kwa tone, akiitazama kwenye mwanga. Hakikudondoka kitu ila maji mazito kidogo, yasiyo na harufu. Akamrudishia kichupa kitupu.

"Ilikuwa ya kutumia mwezi mzima, afande," Sikujua alisema, akaingia kazini.

Siku zilizofuata hakuwa na dawa, na hali ikawa mbaya. Alikuwa akiinamia changarawe, mara anaiona mara haioni, kama mtu anayetazama kupitia kioo kilichopumuliwa. Ndipo lilipotokea la kutokea: katika makapi aliyoyapitisha kuwa hayana kitu, mkaguzi wa pili aliokota jiwe safi. Wengine walisema, "Maskini, macho." Kalisti alisema moyoni, "Ameliacha makusudi, yuko mwenzake jalalani wa kuliokota." Akapeleka habari kwa mkuu wa uchambuzi.

Mkuu huyo alikuwa Mihir, Mhindi mzaliwa wa Shinyanga mjini, ambaye baba yake alikuwa na duka la vitambaa na ambaye aliongea Kisukuma vizuri kuliko baadhi ya Wasukuma. Alimsikiliza Kalisti mpaka mwisho, akamwita na Sikujua.

"Kalisti, kesho nenda naye hospitali. Ukamsikie daktari kwa masikio yako. Mama Mwamvua, unakubali?"

"Aje," Sikujua alisema. "Tena aingie mpaka ndani."

Daktari wa macho alikuwa mwanamke wa makamo, jina lake Rhoda, mwenye sauti ya taratibu. Alimuuliza kwanza Sikujua kama kweli ameridhia mlinzi aingie, kisha akawaonyesha viti. Akatoa vipande vyembamba vya karatasi, akapachika ncha ya kimoja katika kope ya chini ya Sikujua, na kingine, bila kuomba radhi, katika kope ya Kalisti.

"Kaeni hivyo. Msiongee."

Walikaa, wameangaliana kama majogoo wawili waliofungwa miguu. Daktari alipozitoa karatasi, ya Kalisti ilikuwa imelowa karibu yote. Ya Sikujua ilikuwa imelowa kwenye ncha tu.

"Badilisha," alisema Kalisti. "Pengine karatasi yangu ni ya aina nyingine."

Daktari Rhoda alicheka, akamsogezea boksi zima. "Chagua mwenyewe, baba. Yako na yake."

Kalisti alichagua kwa makini, moja kutoka juu na moja kutoka chini kabisa. Ikawa vilevile.

"Sasa sikia," daktari alisema. "Jicho lenye afya hujipaka chozi zito kidogo, kama mtu anavyojipaka mafuta mwilini. Kila ukipepesa, linajipaka upya. Huyu lake ni haba na halikai. Jicho linabaki uchi, upepo ukilipiga linachomwa, nalo kwa maumivu linamwaga maji mengi kwa mpigo. Lakini hayo ni maji tu. Yanashuka shavuni, na jicho linabaki kavu kama awali. Tena kazi yenyewe ni ya kukodoa macho bila kupepesa, kutwa nzima, chini ya taa. Dawa niliyomwandikia ni machozi ya kutengenezwa. Atie mara kwa mara, asubuhi mpaka jioni, hata akijisikia nafuu. Ugonjwa huu hauponi ukaisha, unatulizwa."

"Na akikosa dawa?"

"Jicho litachubuka. Likichubuka sana, huyo mchambuzi wenu hamna tena." Daktari akakitazama cheti. "Kwani ile ya kwanza imekwisha mara hii?"

Sikujua alitazama ukutani. Kalisti akatazama viatu vyake.

Walinunua kichupa kingine katika duka la dawa la Rehmat, karibu na soko. Kalisti alikigeuza, akakagua kama kifuniko kimefungwa kweli, akanusa, Bi Rehmat akimtazama juu ya miwani. Kisha wakakaa barazani kungoja gari la mgodi.

"Mama Mwamvua," Kalisti alianza, "kwa nini hukusema mapema, kabla hayajawa mekundu namna hii? Mtu mwenye jambo la kweli hulisema."

Sikujua alijivuta kanga mabegani.

"Nimwambie nani? Ukweni kwa marehemu siendi tena. Pale jirani alikuwepo bibi mmoja, macho mekundu kwa moshi wa samadi, maana kuni hakuna. Amepika kwa samadi maisha yake yote. Mtoto wa mtu alipofariki, walimfuata kwa mapanga. Hakuwa na kosa ila macho. Mwaka huu yangu yalipoanza, nilikwenda kusalimia, shemeji yangu akanitazama usoni, akanyamaza. Kama unavyonitazama wewe. Niliondoka asubuhi yake, sikumaliza hata uji."

Habari za vikongwe kuuawa kwa kudhaniwa wachawi alizisikia kila mtu mkoani mle, na Kalisti mwenyewe, bila kulitamka, alikuwa amewahi kuyawazia macho yale zaidi ya wizi. Gari lilipofika, alimpisha Sikujua akae mbele.

Mihir alitoa uamuzi: Mama Mwamvua atatiwa dawa mezani palepale, ila kwa kuwa mkono wa mchambuzi haupandi usoni, kichupa kitakaa kwa mlinzi, na mlinzi ndiye atakayemtia. Siku ya kwanza Kalisti, aliyewahi kumkamata mwizi wa ng'ombe kwa mikono mitupu, alishindwa na kichupa kile. Tone la kwanza lilianguka puani, la pili kwenye nyusi. Wachambuzi waliangua kicheko.

"Vuta kope ya chini taratibu," Sikujua alimwelekeza, kichwa kikiwa nyuma. "Ncha isiguse jicho. Ngoja nitazame juu. Sasa."

Tone likatua. Alifumba macho, akatulia, na uso wake wote ukalegea kama wa mtu aliyetuliwa mzigo kichwani. Kalisti aliuona ulegevu ule, akauamini. Hata hivyo, kila alipovuta kope alichungulia ndani kabisa, pengine kuna kitu. Huruma ilikuja, lakini shuku haikutoka. Vilikaa pamoja kama wake wenza.

Mvua zilipoanza, wekundu ulikuwa umepungua sana, na Sikujua hakupitwa tena na jiwe. Lakini chumba kilichozoea kushuku hakikai bure. Donatus, mlinzi wa lango kuu, akaanza kunong'ona: "Fikirini. Mchambuzi anafunuliwa jicho kila mara na mtu mmoja yuleyule. Kichupa hakishiki mwingine. Mlinzi huyo ndiye anayeyatoa mawe!" Maneno yakapita bwalo, yakapita bafu, yakamfikia Mihir.

Jioni moja, zamu ilipokwisha, Kalisti alimkuta Mihir amesimama na Donatus mlangoni.

"Kalisti, samahani. Vua nguo," alisema Mihir.

Alidhani ni utani. Alipoona si utani, alivua. Walimwinamisha, wakammulika mdomoni na masikioni, wakakata uzi wa pindo la suruali yake. Mwisho Donatus akamshika kope, akaivuta kwa kidole chenye vumbi la lango. Jicho likamwasha, likamwaga maji. Kichupa walikiminya chote katika bakuli, kama alivyofanya yeye.

Hawakupata kitu.

"Kazi tu, ndugu yangu," alisema Donatus.

Kalisti alivaa. Kilichomuuma si uchi. Kilichomuuma ni kwamba alipowatazama usoni aliona hawajaamini. Walikuwa wamekosa tu. Alipotoka alimkuta Sikujua akisubiri gari, naye amekwisha kukaguliwa. Alimpa kichupa kitupu kwa mikono miwili, kama mtu anayerudisha kitu cha kuazima kilichovunjika.

Nyumbani nako hakukuwa kwema. Habari zilikwisha kufika, zikiwa na chumvi yake.

"Nasikia siku hizi umekuwa mganga," Mama Januari alisema, akimwekea ugali mbali kidogo. "Una mgonjwa wako, mjane, unamtazama machoni kutwa mara ngapi sijui."

"Ni amri ya mkubwa."

"Amri tamu."

Kalisti alieleza kila kitu: karatasi za hospitali, chozi lisilokaa, hata leso. Kadiri alivyoeleza ndivyo alivyojisikia akiongea kama mwongo. Mwishowe akasema, "Jumapili twende ukamwone mwenyewe."

Walikwenda. Sikujua alikuwa anaishi katika chumba kimoja cha kupanga, safi, na mlango ukitazama mbali na upepo. "Mwangaluka, mayu," alimwamkia Mama Januari, akimwita mama kwa Kisukuma chake cha kujifunza, akawatandikia mkeka. Mama Januari aliitikia kwa nusu mdomo. Kwa muda waliongelea mvua na bei ya pamba. Kisha Sikujua, kama aliyekwisha kujua walichofuata, alichukua kichupa kipya kutoka dirishani.

"Saa yangu imefika. Mama Januari, nisaidie. Mikono ya baba huyu mizito."

Mama Januari alisita, halafu akapiga magoti. Alivuta kope ya mwenziwe kwa kidole kimoja, akaangalia. Alikaa hivyo kitambo, tone halijadondoka. Wekundu ulikuwa umebaki pembeni, mishipa myembamba imesambaa kama nyufa katika udongo wa kiangazi.

"Pole, mayu," alisema taratibu. "Linauma kweli hili." Akatia tone, kisha la upande wa pili, akamfuta shavu kwa upindo wa kanga yake. Akamgeukia mumewe. "Na wewe hili ulihitaji mpaka karatasi?"

Wanawake walisahau kama yupo. Wakaongea habari za watoto na za moshi wa jikoni, na Mama Januari akaahidi kuleta mkaa badala ya kuni.

Haukupita muda, Mihir alimkabidhi mhudumu wa zahanati ya mgodi kazi ya dawa, na Kalisti akahamishiwa lango la magari. Hakulalamika.

Lakini siku ile ya Jumapili, wakirudi kwa miguu kati ya mashamba ya pamba, mkewe alimuuliza anawaza nini. Alijaribu kunyamaza, ikamshinda.

"Nawaza," alisema, "kwa nini alikuwa na kichupa karibu namna ile. Kama aliyejua tutakuja. Pengine alitaka kukuvuta uwe upande wake."

Mama Januari alisimama. Akamtazama mumewe kwa muda, aone kama anatania, akaona hatanii. Ndipo alipoanza kucheka, akacheka mpaka akakaa chini kando ya njia, akishika mbavu, na Kalisti amesimama juu yake, hajui kama amsaidie kuinuka au acheke naye.

"Baba Januari," alisema hatimaye, akimnyooshea mkono amvute, "daktari yule hana matone ya moyo?"