Ada ya Kadi na Ada ya Haji

Ipo Jumatano moja, mwanangu, ambayo hata leo nikiikumbuka naona haya. Nilisimama katika duka la jumla kule Kisenyi, mkobani nina kadi ya benki inayong'aa, na mchele wa harusi sikuupata. Umeniuliza kama ulipe ile ada ya mwaka ya kadi ya biashara au uirudishe benki. Kaa kwanza nikueleze. Una haraka, najua, lakini haraka haijawahi kuivisha pilau.

Nilikuwa na miaka thelathini na mitatu. Nilikuwa nimetoka Bungoma na sufuria mbili, nikaanza kupikia watu harusi pale Kansanga, na Mungu akanifungulia njia. Mchele wangu nilinunua Kisenyi kwa Haji, Msomali aliyekulia Isiolo, mzee wa ndevu za hina na maneno machache. Kila Alhamisi nilikwenda. Tunasalimiana, ananimiminia chai ya maziwa, ananiuliza hali ya watoto, nachagua mchele, nalipa, naondoka. Mchele ukiwa haba, Haji huwatengea wateja wake magunia na kuyaandika majina yao kwa chaki. Na mimi nilikuwemo: "Mama Brian". Sikuwahi kumwomba. Nilikuwa naukuta umetengwa.

Ndipo akaja kijana wa benki, tai imemkaba, ananiita nyabo, yaani bibi, kila neno la pili. Akaniambia mfanyabiashara wa kiwango changu anahitaji kadi. Mwaka wa kwanza bure. Kuanzia wa pili ada ni laki tatu, ila anayetumia kadi yake vya kutosha katika mwaka husamehewa. Huko kusamehewa ndiko kulikoniponza. Mimi, mwanangu, kitu cha kusamehewa sikiachi.

Sasa Haji hakuwa na mashine ya kadi. Kisenyi nzima, na soko la Kikuubo pia, wakati ule ilikuwa noti mkononi. Mashine ilikuwa kwenye supamaketi kubwa, basi nikahamia huko. Kila gunia la kilo ishirini na tano lilikuwa ghali kwa shilingi elfu kumi na tano kuliko la Haji. Usidhani sikuona, niliona. Nikajiambia ndiyo njia ya kusamehewa ada. Angalia akili hiyo! Na nisikufiche, nilipenda pia watu wa nyuma yangu kwenye foleni waione ile kadi. Miezi kumi sikukanyaga Kisenyi, wala simu sikupiga.

Mwezi wa kumi na moja, Afande Okello, polisi wa Gulu aliyekuwa jirani yangu, akawa anamwoza binti yake. Wageni mia sita, Jumamosi. Akanipa kazi ya chakula chote na malipo ya awali, kwa kuwa alikuwa ameonja pilau yangu. Wiki hiyohiyo malori ya mchele yakakwama mpakani. Supamaketi wakatangaza kila mteja gunia moja, uwe na kadi usiwe nayo. Mimi nilihitaji manne.

Hapo ndipo nilipomkumbuka Haji.

Alinipokea vizuri. Alinimiminia chai, akaniuliza watoto. Hakuniuliza nilikuwa wapi, na hilo liliniuma kuliko kama angeniuliza. Magunia yalikuwa yamepangwa ukutani, kila moja na jina lake. Nikayasoma yote mara mbili. Nilipomweleza shida yangu, akasema kwa upole kwamba yale yana wenyewe. Nikaanza kujitetea. Nikamweleza habari ya kadi, ada, na kusamehewa, naye akasikiliza mpaka mwisho.

"Ada yao ni kiasi gani?" akauliza.

"Laki tatu kwa mwaka, Haji."

"Na ada yangu mimi, uliwahi kuijua?"

Nikasema hapana, yeye hakuwahi kunitoza ada.

"Nilikutoza, Mama Brian. Ada yangu ilikuwa uje nikuone. Mtu nisiyemwona miezi kumi, jina lake nitaliandika kwenye gunia la nani?"

Sisi tuliojifunzia Kiswahili sokoni, mwanangu, tukisikia ada tunawaza pesa. Haji alilitumia neno kwa maana yake ya zamani: desturi, jambo watu walilozoeana. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Nilikuwa nimeuacha, tena kwa furaha. Chai ikanipoa mkononi.

Hakunifukuza. Alinielekeza kwa wanawake wawili wenye magunia yao pale, wenye hoteli hapo jirani, niwaombe mwenyewe. Mmoja aliniuzia lake. Mwingine, nilipomweleza yote, aliniuliza kama ile kadi haipikiki, akaendelea kumenya vitunguu. Kwa hiyo, pamoja na lile moja la supamaketi, Jumamosi nilikuwa na magunia mawili badala ya manne. Nilijaziliza kwa matoke na chapati, lakini pilau iliisha kabla ya kufika meza ya wazee wa upande wa bwana harusi. Wazee wa watu walioleta ng'ombe, wakala chapati na mchuzi mbele ya wageni mia sita.

Afande hakunifokea. Alinilipa salio lote, akasema, "Asante, mama." Tangu hapo ameoza mabinti wengine wawili, nyumba ya pili kutoka kwangu, nami nimesikia harufu ya pilau ya watu wengine ikipita juu ya ua.

Usiku wa harusi ile ndipo nilipopiga hesabu ambayo nilipaswa kuipiga tangu mwanzo. Elfu kumi na tano, mara magunia manane kwa mwezi, mara miezi kumi: milioni moja na laki mbili. Nilizitupa ili nisamehewe laki tatu! Majuto ni mjukuu, na wangu alizaliwa na meno. Jumatatu niliirudisha kadi benki, na Alhamisi nikaenda Kisenyi. Nilikwenda kila Alhamisi miaka miwili kabla ya kuliona jina langu kwenye gunia tena.

Sasa usiondoke hapa ukasema mama amesema kadi ni mbaya. Brian anauza vipuri vya simu Kikuubo na anaagiza mizigo kutoka nje. Zamani alimlipa dalali kila alipoagiza; sasa analipa mwenyewe kwa kadi, na kila mwezi analimaliza deni lake kabla riba haijaingia. Ada yake inakuwa imerudi kabla ya mwezi wa tatu. Nimemwambia ailipe bila kunung'unika.

Yako nenda ukaipime hivi. Chukua matumizi ya mwaka uliopita, si ya mwaka ujao, maana mwaka ujao wote tunajiona matajiri. Tazama ulichonunua, na mahali ulikokinunua, kisha uone kadi ingekurudishia nini kwa hayo tu. Kikizidi ada, lipa. Usichokielewa kawaulize benki wenyewe, kuuliza si ujinga. Lakini ukijikuta unabadilisha duka, au unanunua usichokihitaji, ili kadi ionekane ina faida, irudishe siku hiyohiyo. Kadi ndiyo ikufuate wewe unakonunua. Wewe usiifuate.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe mkono wa kutoa na jicho la kuhesabu. Akupe wateja wanaorudi na wauzaji wanaokujua kwa jina, na ukikosekana Alhamisi mbili, awepo mtu wa kuuliza uko wapi.