Nimemfanya shujaa kuwa mwizi

Leo nimemharibia shujaa jina mbele ya kambi nzima.

Mchana huu hapa Bwera, askari na wake zao walionyeshwa filamu ya Kiingereza ukumbini. Mimi, mwalimu wa watoto wao, nikasimamishwa kando ya shuka lililotundikwa kuwa skrini niwatafsirie. Kiingereza changu mnakijua, ni cha ubaoni tu.

Akatokea mtu amefunika uso, anaruka paa hadi paa kama ndege. Sasa mtu mwema anaficha uso wa nini? Nikatangaza, "Huyu ndiye mwizi."

Wakamzomea mpaka mwisho. Kila aliyemwokoa, nilisema anamteka.

Halafu, mle mle filamuni, gavana akamvika medali.

Mama Kavira, mchuuzi wa hapa kambini kutoka Butembo, akauliza, "Mwalimu, muizi banamupa medali?"

Hapo ningeweza kukiri. Nikajibu, "Amemhonga gavana."

Wakaguna kwa huzuni. Waliamini upesi mno, jamani.

Mlangoni sajini akanipa mkono. "Mwalimu, ile filamu iko na nguvu, kuruka iko safi. Udhaifu yake ni hadithi."

"Kweli kabisa, afande," nikasema, macho chini.

Kesho inaonyeshwa Kasese, na ameshaniombea kazi ileile.

Nyinyi mngemwambia ukweli?