Visu Vilivyomfumbua Macho Baba Zena

Kila asubuhi, mtama ukishaanikwa, mume wangu Ntandu alilaza kichwa mapajani mwangu nikamng'oa kope kwa kibanio. Ugonjwa wa vikope ulikuwa umemkunja ngozi ya macho, kope zikaingia ndani na kumkwaruza. Kwa maumivu alifumba macho kutwa, akitembea kwa kushika fimbo niliyoivuta mbele. Alikuwa hajamwona sawasawa binti yetu Zena, aliyekuwa anaanza kutambaa.

Vita vya Wazungu tulivisikia kwa mbali, hadi jumbe alipoanza kukusanya wanaume wa kupelekwa jeshini. Wakati huohuo daktari Mzungu wa macho akafika Singida mjini. Kwetu Unyambwa tuliambizana kwamba lao ni moja: huyu anafumbua macho, yule anachukua watu. Nami niliamini hivyo. Lakini nilichoka kumsikia mume wangu akiugulia usiku, nikampeleka.

Visu niliviona vikitolewa kwenye maji ya moto. Vilikuwa vitatu, vyembamba, havifai hata kuchunia panya.

"Akipona mnampeleka wapi?" nilimuuliza dresa, msaidizi wa daktari.

"Kwake, mama. Tunakata ngozi ya jicho ili kope zigeukie nje, basi."

Alijibu upesi mno. Sikumwamini.

Bandeji zilipofunguliwa, Ntandu alimtazama Zena muda mrefu. "Kumbe kafanana na mama yangu," akasema. Furaha ya siku ile sijaipata tena.

Tulirudi na ujanja wetu. Ndani alicheza na mwanawe. Nje alifumba macho na kushika fimbo kama zamani. Jirani akija kuomba moto, nilijiuliza amekuja kuchungulia nini. Hata shemeji zangu niliwakatia maneno.

Siku moja jumbe akaingia uani na askari.

"Baba Zena, nasikia umepona."

"Shikamoo, jumbe. Maumivu yamepona. Kuona, bado."

Nani alimwambia? Mpaka leo sijui.

"Fumbua," askari akaamuru.

Akafumbua. Askari akampitishia kiganja mbele ya uso. Ntandu hakupepesa.

Nilikuwa nimekikodolea macho kile kiganja tu.

Nyuma yangu Zena alikuwa ametambaa hadi mafigani, mkono umenyooka kwenye chungu cha uji uliokuwa unachemka.

Ntandu aliruka, akamnyakua.

Jumbe alitazama chini. "Chukua shuka lako, Ntandu," akasema.

Vita vilipokwisha, jumbe alikuja mwenyewe kuniambia kwamba baba Zena amefia vitani Bama, nchi ya ng'ambo. Kaburi lake sijaliona, wala sijui kama lipo.

Watu husema visu vile vilininyang'anya mume. Siwabishii. Angebaki na vikope vyake, nisingekuwa mjane. Lakini pia angekufa hajui sura ya mwanawe, na Zena ana mikono yote miwili, ndiyo inayonilisha uzeeni. Haya nimeyapima miaka mingi. Bado sijui kama siku ile nilimpeleka kutibiwa, au nilimkabidhi.